Cheti cha Hatua ya Tatu

Bibi yangu mzaa mama ana cheti kimoja tu maishani mwake. Kinasema kwamba mwezi Agosti 1975 alifanya mtihani wa taifa wa elimu ya watu wazima na kufikia hatua ya tatu. Anakitunza ndani ya kopo la zamani la maziwa ya unga, pamoja na stakabadhi za pamba, kadi ya kliniki ya mama yangu na kadi ya chama iliyofifia rangi. Nilipomwambia kwamba tasnifu yangu ya uzamili itahusu historia ya elimu ya watu wazima Shinyanga na Geita, alicheka mpaka akashika ubavu. "Yaani umesoma miaka yote hiyo," akasema, "ili uje usome ngumbaru?"

Ngumbaru ndilo jina ambalo watu walilipa darasa lile. Jina rasmi lilikuwa kisomo chenye manufaa, lakini watoto waliopita mbele ya darasa jioni waliwazomea mama zao kwa jina hilo la pili, na likaganda. Kampeni yenyewe iliitwa ya kufuta ujinga. Neno hilo linanikera kila ninapokutana nalo kwenye maandishi ya wakati ule. Bibi kabla hajajua herufi hata moja alizijua ng'ombe zote za baba yake kwa rangi na kwa uzao, alijua udongo upi wa mbuga unashika maji na upi unapasuka, na alijua nani ana deni la nani kijiji kizima.

Nilimuuliza kwa nini alijiandikisha. Nilitegemea jibu ambalo vitabu vimenizoesha: Mwalimu alisema, tukaitika. Yeye akajibu neno moja tu.

"Mizani."

Ilibidi nirudi nyuma miaka ishirini kabla ya cheti ili nimwelewe. Miaka ya mwanzo ya 1950 pamba ya Usukumani ilinunuliwa na wafanyabiashara wenye leseni, wengi wao Waasia, na viwanda vya kuchambua pamba vilikuwa mikononi mwa watu wasio Waafrika. Mkulima alifika na mzigo kichwani au kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akaumwaga kwenye mizani. Karani alisogeza kipimo juu ya rula mpaka mkono wa chuma ukasimama sawa, akasoma tarakimu, akaandika. Mwenye pamba alisimama upande wa pili. Tarakimu hakuziona, na hata angeziona zisingemwambia kitu. Kisha aliambiwa kwamba nusu ya pamba yake ni safi na nusu ni fifi, akapewa fedha, akaondoka akijua ameibiwa bila kujua kiasi gani. Bibi alikuwa mtoto wa miaka minane au tisa. Anachokumbuka ni baba yake kuhesabu sarafu njiani mara tatu, kila mara akisimama.

Wakulima walichofanya kinajulikana. Waliweka wapimaji wao wenyewe vituoni, watu wa kusimama kando ya mizani na kusema kwa sauti uzito walioona. Kutoka hapo wakaingia kwenye vyama vya msingi, na vyama vikaungana. Kijana wa Kisukuma, Paul Bomani, alizunguka Kanda ya Ziwa akiwashawishi, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano uliojulikana kwa Kiingereza kwa herufi VFCU, yaani shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria. Kufikia uhuru ulikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya wakulima Waafrika barani.

Historia za elimu huliacha jambo hili kwa wanahistoria wa ushirika. Mimi nalihesabu kuwa darasa la kwanza la watu wazima huku kwetu. Chama cha msingi hakiendi bila mtu wa kusoma mizani, bila katibu wa kuandika mkutano, bila mweka hazina. Watu waliojifunza tarakimu miaka ile hawakuitwa na kengele ya shule. Walijifunza kwa sababu walikuwa wameshadai haki, na haki ile ilihitaji mtu wa kuisoma.

Nisije nikafanya hadithi iwe tamu kupita kiasi. Si kila mnunuzi Mwasia alikuwa mwizi. Na mwaka 1966 tume ya Rais ilipochunguza vyama vya ushirika nchini, malalamiko yaliyoijia yalikuwa ya aina ileile ya zamani: makarani, viongozi wa vyama, mapato yasiyoonekana. Rangi ya karani ilikuwa imebadilika, mizani ilikuwa ileile. Ndiyo maana bibi alikwenda darasani miaka ya 1970, wakati pamba ikinunuliwa na Waafrika wenzake.

Kabla ya darasa hilo kuna tukio moja la Geita ambalo huwa nashangaa halifundishwi zaidi. Kuanzia mwishoni mwa 1954 hadi 1958, TANU ilizuiwa kufanya kazi Usukumani. Ukoloni uliogopa eneo lenye watu wengi, pamba nyingi na hasira nyingi: hasira ya matuta ya lazima, ya kupunguza mifugo kwa amri, ya kodi na faini za kilimo. Katikati ya hali hiyo serikali ikaileta Geita halmashauri ya wilaya ya mchanganyiko wa rangi, ambamo Waafrika wangekaa pamoja na Waasia na Wazungu. Leo, mtu akisoma sentensi hiyo bila kujua mazingira yake, atasema hilo lilikuwa jambo jema. Nani anapinga watu wa asili mbalimbali kukaa meza moja?

Watu wa Geita walipinga. Wazungu na Waasia wilayani walikuwa wachache mno, na halmashauri iliwekwa bila wenyeji kuulizwa. Walichokiona ni kwamba neno zuri limetumika kuwapa wachache viti ambavyo wengi hawakuwahi kuwa navyo. Katikati ya 1958 umati ulivuka kwenda Mwanza kumkabili mkuu wa jimbo. Walipiga kambi, wakakataa kuondoka, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Serikali hatimaye ikalegea. Halmashauri ile haikudumu, na TANU ikaruhusiwa tena.

Wakati huohuo nchi nzima ilikuwa inaelekea kwenye kura tatu, uchaguzi wa 1958 na 1959 ambao kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ili uandikishwe ulihitaji kutimiza masharti ya kipato, ya cheo au ya elimu. Yaani kisomo kilikuwa tiketi ya uraia. Aliyevuka kwenda Mwanza kwa miguu na mtumbwi kudai baraza lake, kama hakusoma na hakuwa na mshahara, hakuwa na kura.

Jambo hili lilikuwa pia likitokea mbali sana na Ziwa Victoria. Januari 1957, kwenye kisiwa cha Johns Island, South Carolina, Marekani, Bernice Robinson, msusi wa nywele asiyekuwa na mafunzo ya ualimu, alifungua darasa la usiku kwa wazee weusi. Sheria ya jimbo ilimtaka mtu ajue kusoma ndipo aandikishwe kupiga kura. Robinson, pamoja na binamu yake Septima Clark, aliyekuwa mwalimu na mwanaharakati, hakuanza na kitabu cha watoto. Walianza na kile wanafunzi walichokitaka: kusaini majina yao, kujaza fomu ya kuagiza bidhaa, kusoma ile sehemu ya katiba ambayo msajili angewatega nayo. Madarasa ya aina hiyo yakaenea Kusini yote. Niliposoma habari hizo kwa mara ya kwanza maktabani Dar es Salaam, nilimfikiria baba wa bibi na sarafu zake.

Uhuru ulipokuja, sharti la kusoma ili upige kura likaondoka. Ikabaki kazi ya kusoma yenyewe. Mwaka 1964, akizindua mpango wa kwanza wa miaka mitano, Nyerere alisema watu wazima ndio waanze kuelimishwa, kwa sababu watoto wangechukua miaka mitano, kumi, hata ishirini kabla ya kugusa maendeleo ya nchi. Usiku wa kuamkia 1970 alitangaza kwenye redio kwamba mwaka unaoingia ni Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 TANU ikaamua kwamba kufikia mwisho wa 1975 asiwepo mtu mzima asiyejua kusoma. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba watu wazima 67 kati ya 100 hawajui.

Huku kwetu kazi ilikuwa imeshaanza. Tangu 1968, UNESCO na UNDP walikuwa na mradi wa majaribio wenye makao yake Mwanza, uliohudumia mikoa minne ya ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera. Geita ilikuwa bado wilaya ya Mwanza. Mkoa wake ulikuja 2012. Wazo la mradi lilikuwa kwamba mtu mzima hafundishwi "a, e, i, o, u" kwa ajili ya herufi. Anafundishwa kupitia kazi yake. Kwa hiyo vikatungwa vitabu vya pamba, vya ndizi, vya uvuvi, vya ufugaji, vya siasa, na vya maarifa ya nyumbani. Walimu wengi walikuwa wa kujitolea, wakipewa shilingi 30 kwa mwezi. Mwalimu wa bibi alikuwa kijana wa darasa la saba ambaye mama yake mwenyewe alikaa mstari wa mbele na kumwamkia "shikamoo mwalimu" ili kumtania.

Bibi anasema walikuwa wanawake wengi kuliko wanaume, na ndivyo ilivyokuwa karibu kila mahali. Wanaume waliona haya, au walikuwa kwenye pombe. Na hapa ndipo maswali yangu yalipoanza kuwa magumu. Darasa lilijaa wanawake waliolima pamba kwa mikono yao, lakini kitabu kilichoandaliwa kwa ajili ya mwanamke kilikuwa cha nyumbani: lishe, usafi, malezi. Bibi alitaka kitabu cha pamba. Alikipata, kwa sababu hakuwa mtu wa kuambiwa hapana, lakini anakumbuka kwamba ilibidi aombe.

Kisha kuna lugha. Vitabu vilikuwa vya Kiswahili, na siku za mwanzo nusu ya darasa haikusema Kiswahili cha kutosha kununua chumvi. Kijana yule alisoma sentensi kwa Kiswahili, akaieleza kwa Kisukuma, wakairudia kwa Kiswahili. Wazinza na Wasumbwa waliokuwamo walisubiri mzunguko wa tatu. Nimesoma hoja kwamba ingefaa watu waanzishwe kwa lugha zao, na kwa upande wa ufundishaji naziona zina nguvu. Bibi hakubaliani nami hata kidogo. Anasema Kisukuma alikuwa nacho tayari. Alichokifuata darasani ni lugha ya karani. Ninaandika haya kwa Kiswahili, kwa hiyo sina pa kusimama nikabishana naye.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchini walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza, na vyoo vikachimbwa kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Ni kampeni ninayoipenda. Choo cha kwanza cha kaya yetu ni cha mwaka ule. Watu zaidi ya milioni tano walijiandikisha kwenye kisomo, na mtihani wa Agosti 1975 ulipokwisha, wasiojua kusoma walikadiriwa kuwa 39 kati ya 100. Kushuka kutoka 67 hadi 39 ndani ya miaka minane, tena katika nchi maskini, si jambo dogo, na sitaki mtu adhani nalidharau.

Lakini angalia mwaka uliofuata.

Mei 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Pamba ikakabidhiwa kwa mamlaka ya zao. Mkulima aliyekuwa amejifunza kusoma mizani na kumbukumbu za mkutano alinyang'anywa mkutano wenyewe. Vyama vilirudi miaka ya 1980, Nyanza kwa Mwanza na SHIRECU kwa Shinyanga, lakini mazoea ya kuhoji hayakurudi kwa agizo la sheria kama yalivyoondolewa.

Na mwaka huohuo 1976, mikoa ya Mwanza na Shinyanga iliingia kwenye operesheni ya kuwasaka wauaji. Mauaji yalikuwapo kweli: vikongwe walioitwa wachawi, mara nyingi kwa sababu ya macho mekundu ambayo moshi wa jikoni unaweza kumpa mtu yeyote, na watu wengine kwa visasi. Polisi na maofisa wa usalama wakakusanya watu. Waliwekwa rumande, wakateswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa dola. Habari zilipotoka, Ali Hassan Mwinyi, waziri wa mambo ya ndani, alijiuzulu mwaka 1977 kuubeba wajibu wa kisiasa, na baadhi ya maofisa wakafikishwa mahakamani. Mwinyi anasifiwa kwa kujiuzulu kule, na anastahili. Ila hadithi hiyo husimuliwa kama hadithi ya waziri muungwana. Ni mara chache husimuliwa kama hadithi ya waliokufa, watu wa mikoa ambayo mwaka mmoja tu nyuma ilikuwa mfano wa elimu ya watu wazima kwa dunia nzima.

Nilimuuliza bibi kama darasani waliwahi kufundishwa mtu akikamatwa ana haki gani. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama walifundishwa kuendesha ndege. Macho mekundu je? Hapana. Ardhi ya mjane? Hapana.

Swali la mjane lina jibu lake, na limetoka Shinyanga. Amri ya mwaka 1963 iliyoandika sheria za mila ilimweka mjane nje ya urithi wa mume wake na kumweka binti nyuma ya wanaume. Miaka arobaini baadaye wajane wawili wa Kisukuma, waliotolewa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume zao, walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba mila ile inabagua, lakini ikakataa kuifuta, ikihofia kwamba kila kabila lingekuja na mila yake ya kulalamikia. Wajane hawakuishia hapo. Shauri lao lilifika kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na Machi 2015 kamati ikasema haki zao zimevunjwa. Kuanzia 1963 hadi 2015 ni miaka 52. Kampeni nzima ya kisomo, yenye wanawake wengi madarasani, inaingia katikati ya miaka hiyo na kutoka bila kuigusa amri ile.

Ya miaka ya baadaye nitayapita haraka, kwa kuwa yanafanana kila mkoa. Takwimu rasmi za 1986 zilisema wasiojua kusoma wamebaki 9.6 kati ya 100. Wakati huohuo fedha zilikuwa zimekwisha, walimu wa kujitolea hawakulipwa, na gazeti la Elimu Haina Mwisho, lililotolewa Mwanza kwa ajili ya wahitimu wa kisomo, lilizidi kuwa adimu. Sensa ya 2002 ilipohesabu, watu wazima karibu watatu kati ya kumi hawakujua kusoma. Baadhi walikuwa watoto wa wale waliofaulu 1975.

Kisha dhahabu. Vijana waliacha pamba wakaenda kwenye maduara na mialo, na Geita ikajaa watu kutoka kila pembe ya nchi na ng'ambo ya mipaka. Mizani ikarudi, safari hii ndogo ya kukaa mezani, inayopima gramu na pointi. Mchimbaji aliyetoka duarani na kipande chake alisimama mbele ya mnunuzi kama babu yake alivyosimama mbele ya karani. Machi 2019 soko la dhahabu lilizinduliwa Geita, lenye mizani ya serikali na bei inayotangazwa, na mwezi mmoja kabla yake baadhi ya kodi zilizowabana wachimbaji wadogo zilikuwa zimefutwa. Wachimbaji wanalisifu soko. Nimewasikia pia wakisema kwamba anayeshindwa kujaza karatasi bado anauza kwa broka pembeni.

Karibu na machimbo hayo ndipo mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anapopika. Ni mama lishe: wali, maharage, dagaa wa ziwani. Mwaka 2018 alikuwa kidato cha pili. Alipata mimba akiwa na miaka kumi na sita, akafukuzwa shule. Shule siitaji, shule yoyote ingefanya vilevile. Kanuni za 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kosa dhidi ya maadili au kwa kuolewa, na mimba ikahesabiwa humo. Juni 2017, kwenye mkutano wa hadhara mkoani Pwani, Rais Magufuli alikuwa ametamka kwamba katika utawala wake msichana aliyezaa hatarudi shuleni. Baada ya hapo hakuna mwalimu mkuu aliyekuwa na ujasiri wa kufumba jicho.

Mtu asiyeijua mikoa hii anaweza kudhani ni msiba wa nyumba moja. Utafiti wa afya na demografia wa 2010 ulionyesha kwamba Shinyanga, wanawake 59 kati ya 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Hakuna mkoa uliokuwa juu yake. Na sheria iliruhusu. Sheria ya Ndoa ilitungwa 1971, mwaka uleule TANU ilipoahidi kufuta ujinga, na vifungu vyake vya 13 na 17 vilimruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na 14 kwa kibali cha mahakama. Rebeca Gyumi alivipinga Mahakama Kuu akashinda Julai 2016. Bunge likapewa mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Gyumi. Mwaka uliotolewa ukapita, sheria ikabaki ilivyo.

Wasichana waliofukuzwa waliambiwa waende wapi? Kwenye elimu ya watu wazima. Hili ndilo jambo lililonifanya niache mada niliyokuwa nimeichagua na kuandika hii. Kwenye mabishano juu ya mradi wa sekondari wa SEQUIP, uliopewa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 mwaka 2020, jibu la serikali kwa waliouliza kuhusu mabinti wenye watoto lilikuwa njia mbadala: vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Darasa ambalo baba wa bibi alilianzisha kando ya mizani kwa kudai haki likageuzwa mahali pa kumpeleka aliyenyimwa haki. Binti wa miaka kumi na sita akaitwa mtu mzima kwa sababu ya mimba, si kwa sababu ya umri.

Novemba 24, 2021, Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba waliokatisha masomo, wakiwamo waliopata mimba, wanaruhusiwa kurudi. Nilimpigia mdogo wangu simu usiku uleule. Alikuwa ameshasikia. Baadaye ikaelezwa kwamba mtu arudi ndani ya miaka miwili tangu alipoacha. Yeye alikuwa na mitatu na miezi. Septemba 2022, kamati ya wataalamu ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za mtoto iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki za wasichana wa aina yake. Nilimtumia habari hiyo pia. Akanijibu kwa ujumbe: "Asante dada. Wameandika nirudi?"

Alijiandikisha kwenye kituo cha elimu ya watu wazima mwaka 2022. Anaamka saa kumi alfajiri, anawasha moto, anamwacha mtoto kwa mama yake, anapika mpaka saa nane, kisha darasani. Wenzake ni wachimbaji wawili, mlinzi, mama mmoja wa miaka arobaini na wasichana kumi na mmoja, na kati ya hao kumi wana watoto. Wanaitana "ngumbaru" kwa kutaniana. Anajiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, na hesabu ndizo zinazomtesa.

Jumapili moja mwaka jana tulikutana sote kwa bibi. Macho yake yana mtoto wa jicho siku hizi, hasomi tena. Alitoa kopo akamwambia mdogo wangu, "Ng'wana wane, nisomee." Akamsomea cheti. Kisha akamuuliza kwa nini hakufika hatua ya nne, ya wale walioweza kusoma gazeti na kuweka hesabu zao.

"Kugawanya," bibi akasema. "Mwalimu aliumwa malaria wiki ile ya kugawanya. Tukaingia mtihani hivyohivyo."

Mdogo wangu akazichukua stakabadhi za pamba, akazipanga mkekani kwa miaka, akaomba kalamu. Alizidisha kilo kwa bei, safi peke yake, fifi peke yake, akijumlisha kwa sauti kama anavyofanya darasani. Ya kwanza ilikuwa sahihi. Ya pili ilikuwa sahihi. Ya tatu, ya msimu wa kabla ya mtihani, ilipungua shilingi nne na senti arobaini. Akarudia mara mbili. Nikahesabu na mimi kwenye simu.

"Nilimwambia yule karani," bibi akasema. "Nilimwambia palepale. Akaniuliza nimesoma wapi."

Akamtaka mdogo wangu aandike nyuma ya stakabadhi kiasi kilichopungua, na tarehe ya leo, na jina lake yeye aliyehesabu. Kwa kalamu, akasema, si kwa penseli.